Kofia Ndani ya Sufuria

Saa tatu asubuhi, katika jiko la Bi Mwanaesha, mtaa wa Kibokoni, sufuria inatokota. Si ya chai, wala si ya wali. Mvuke ukiinua kifuniko, kinachochungulia kutoka majini ni kofia nyeupe ya viua, mali ya bwana harusi, iliyoshonwa kwa mkono tangu kabla ya mvua za vuli.

Wapishi watakaosoma habari hii wasihangaike kunakili mapishi. Hakuna chumvi, hakuna kitunguu, na hakuna anayejua itaiva saa ngapi.

Aliyeshika mwiko ni Nicodemus Kioko, mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, mabega mapana kama kabati, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Ameinama juu ya sufuria kama daktari juu ya mgonjwa ambaye ndugu zake wako nje wanasubiri habari.

"Usikoroge," anaonya Bi Mwanaesha. "Kwani wapika ugali?"

"Sikorogi, Bi. Naigeuza tu."

"Usigeuze. Itazame."

"Siwezi kuitazama."

"Basi fumba macho, lakini mwiko uache."

Kioko anauacha mwiko. Hafumbi macho. Harusi ni kesho, Ijumaa, baada ya sala ya laasiri, na jana kofia hii ilipowekwa juu ya kichwa cha mwenyewe iliteremka bila kusimama mpaka puani. Isipokubali kupungua leo, bwana harusi atavaa ya mashine kutoka soko la Marikiti. Naye Kioko, Jumatatu asubuhi, atavaa koti la ulinzi na kwenda kusimama kwenye lango la yadi moja ya makontena kule Shimanzi, na sindano zake zitarudi ndani ya kopo.

Hayo si maneno ya watu. Aliyatamka yeye mwenyewe, mbele ya mkewe Zilpah na shemeji yake Bonface, akiwa na uhakika kwamba mambo hayatafika huko. Yamefika.

*

Kioko alizaliwa Mwala, Machakos, akashuka Mombasa akiwa kijana wa kunyoa ndevu tatu. Kwa miaka kumi na minne alikuwa kuli katika maghala ya Shimanzi. Alibeba sukari, akabeba kahawa, akabeba mbolea iliyomfanya anuke kiasi kwamba kanisani alipewa benchi zima peke yake.

"Nilikuwa na nguvu za kijinga," anasema. "Tulikuwa tukishindana kubeba magunia mawili. Hakuna aliyetuomba. Hakuna aliyetulipa zaidi. Tulifurahi tu kuonekana."

Mwaka 1992 rundo la magunia liliporomoka akiwa chini yake. Alitoka hospitalini akitembea, jambo ambalo kila mtu alilisifu, lakini mgongo ulikataa kabisa kupokea mzigo mwingine. Mwajiri wake alimpa pole, mshahara wa mwezi mmoja, na ushauri kwamba apumzike.

Kioko akapumzika. Alipumzika mpaka nyumba nzima, pale mtaa wa Buxton, ikachoka.

"Alikuwa akigombana na redio," anakumbuka Zilpah, ambaye hukaanga viazi vya karai nje ya mtaa huo na ndiye aliyeilisha nyumba kwa wakati huo wote. "Mtangazaji akisema kesho kutakuwa na jua, yeye anambishia. Mtangazaji hamsikii! Nikamwambia, Baba Wendy, toka. Nenda popote. Urudi jioni ukiwa mtu."

Hivyo akawa anatoka. Alitembea polepole kuelekea Mji wa Kale kwa sababu vichochoro vya kule vina kivuli, na kila alipofika Kibokoni mgongo ulimsimamisha mbele ya nyumba moja yenye baraza la mawe. Akakaa. Kesho yake akakaa tena. Baada ya wiki nzima ya kukaliwa barazani, mwenye nyumba alitoka.

Bi Mwanaesha ni mjane aliyeshona kofia tangu usichana wake. Ana ulimi ambao majirani huuzungumzia kwa sauti ya chini, na miwani iliyofungwa kwa uzi wa kofia, kwa kuwa haoni sababu ya kununua waya wakati uzi upo.

"Subalkheri," alisema.

"Subalkheri, Mama."

"Wewe ni nani, na mbona baraza langu umelifanya kitanda?"

Kioko alimweleza habari za mgongo. Akaeleza magunia, akaeleza hospitali. Bi Mwanaesha alisikiliza yote kwa subira, kisha akamtupia kipande cha bafta na sindano nene.

"Haya. Hapa hakai mtu mikono mitupu. Toboa."

*

Kwa wasiojua, kofia ya viua huanza kwa vitambaa viwili vya bafta vilivyolazwa pamoja. Nakshi huchorwa kwa penseli: maua, vikonyo, mistari. Kisha hutobolewa matundu madogo, moja baada ya jingine, na kila tundu huzungushiwa uzi mpaka likae wazi kama jicho la samaki. Kofia moja ina matundu mengi kuliko mtu mwenye akili timamu angependa kuyahesabu. Hapana cherehani iwezayo kuifanya hivyo, ingawa zipo zinazojaribu, na matokeo yake huuzwa Marikiti kwa bei ya kilo chache za nyama.

Mkono uliozoea gunia ukapewa sindano. Siku za mwanzo ulivunja sindano, ukatoboa kidole, ukatoboa goti la suruali, na mara moja ukaishona kofia pamoja na shati la fundi. Kastabini zote alizokuwa nazo Bi Mwanaesha zilikataa kuingia kwenye kidole cha Kioko, akalazimika kujitengenezea yake kwa kipande cha bomba la shaba.

Wapita njia hawakumwonea huruma. Chengo, muuza kahawa wa mtaa huo, alikuwa akisimamisha birika lake makusudi.

"Jamani, njooni muone! Mkamba akishika mti huchonga twiga. Huyu leo kashika kitambaa. Tutapata twiga aliyevaa kofia!"

"Uza kahawa yako, Chengo," Kioko alimjibu.

"Nitauzaje na mikono yatetemeka kwa kicheko?"

Kanisani nako kulikuwa na wasiwasi. Mzee mmoja wa kanisa alimvuta kando akamwuliza, kwa upole mkubwa, kama amebadili dini. Kioko akamwuliza naye kama fundi anayeshona suruali za polisi huwa polisi. Mzee aliomba muda wa kulifikiria jambo hilo, na mpaka leo bado analifikiria.

Bi Mwanaesha hana kawaida ya kusifu. Kazi akishaletewa, hukipeleka kitambaa mlangoni na kukiinua juani. Matundu yakiwa hayalingani, mwanga hupita ovyo, hapa mwingi, pale kidogo, naye hukirudisha bila neno. Kioko alirudishiwa kitambaa mara nyingi mno. Kisha asubuhi moja Bi Mwanaesha alikiinua, akakishusha, akakiinua tena.

"Njoo utazame mwenyewe," akamwambia.

Kioko aliinuka akachungulia chini ya kitambaa. Mwanga ulikuwa umeingia kwenye kila tundu sawasawa, ukamwangukia usoni kama chenga za sukari.

"Nilisimama pale kama mtoto," anasema. "Miaka yote ya kubeba, sikuwahi kuona kitu nikasema hiki nimekifanya mimi. Gunia ukilitua, limekwenda. Hakuna anayejua ni wewe uliyelibeba. Lakini zile nuru ndogo, zote sawa, zilitoka mikononi mwangu. Nikasahau mgongo. Kweli nakwambia, niliusahau mpaka nilipofika nyumbani."

Nyumbani, anaongeza Zilpah, hakugombana na redio. "Niliogopa. Nikafikiri anaumwa."

*

Hata hivyo furaha haijawahi kulipa kodi ya nyumba, na hapa ndipo Bonface anapoingia.

Bonface ni kaka yake Zilpah. Ni mlinzi wa miaka mingi, mtu mwema, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Yeye anahesabu hivi: kofia nzuri huuzwa shilingi elfu mbili, nayo hula zaidi ya miezi minne. Kioko hujazia pengo kwa kuwafulia watu kofia zao na kuzitia wanga, kazi ya shilingi thelathini kila moja. Mlinzi wa lango, kwa upande mwingine, hupata mshahara kila mwisho wa mwezi, na kazi yake ni kusimama.

"Kusimama tu!" Bonface alisema mwaka jana, akiwa amekaa sebuleni Buxton. "Mgongo haukatai kusimama. Shemeji, nakupenda, lakini mwanamume wa kimo chako kutoboa matundu..."

Akalitundika koti lake kuukuu la kazi kwenye msumari wa sebuleni, koti zito la kaki lenye vifungo vya shaba, likae pale likimsubiri Kioko. Lilimsubiri miezi kadhaa. Kila alipoingia nyumbani alilikuta limesimama ukutani, bila kichwa, likimtazama.

Ndipo ilipokuja kazi ya Abdulhalim.

Abdulhalim ni karani kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Mama yake alitaka mwanawe aoe kwa namna ya kale, kila kitu mahali pake, na kofia iwe ya mkono. Akaja kwa Bi Mwanaesha. Lakini macho ya Bi Mwanaesha yameanza kuingia ukungu, na matundu ya kofia ya harusi hayahurumii macho. Akamwonyesha Kioko kwa kidevu.

"Huyu ataishona."

"Huyu?" mama alishangaa.

"Huyu. Na ikiharibika, njoo unitukane mimi."

Ilikuwa kofia ya kwanza ambayo Kioko angeishona peke yake tangu bafta hadi pasi. Jioni hiyo ndipo alipotoa ahadi yake: kofia hii ikivaliwa, Bonface atalichukua koti lake. Isipovaliwa, yeye atalivaa. Zilpah aliitikia. Bonface akaitikia kwa sauti kubwa zaidi.

Kioko akaenda mwenyewe kupima kichwa. Sasa, ni lazima isemwe kwamba Abdulhalim alikuwa na nywele. Hazikuwa nywele za kawaida. Zilikuwa zimepanda juu na kutanuka kandoni, zinang'aa kwa mafuta, na kwa miaka mingi zilikuwa zikiingia ofisini kabla yake. Kioko alizungusha uzi juu ya nywele zote hizo kwa uangalifu, akaufunga fundo, akarudi Kibokoni akiwa na kipimo sahihi kabisa cha kichwa ambacho siku ya harusi hakingekuwapo.

*

Jumatano, siku mbili kabla ya ndoa, familia ilimwalika Kioko alete kofia. Alivaa shati lake la kanisani. Aliibeba kofia ndani ya boksi la viatu lililotandikwa kanga, Bi Mwanaesha akiwa kando yake.

Alikuta ua limejaa. Abdulhalim ameketishwa kwenye kiti katikati, leso mpya imetandikwa miguuni pake, shangazi zake wanazunguka kwa vigelegele na kutupa sarafu kwenye sahani, na kinyozi ananoa wembe kwenye kiganja. Kioko akatafuta pembe nzuri ya kusimama, akitabasamu, akidhani watampunguza ndevu.

Shungi la kwanza likaanguka. Kisha la pili.

"Wanafanya nini?" alimnong'oneza Bi Mwanaesha.

"Wamnyoa."

"Zote?"

"Kwani nywele hunyolewa nusu?"

Kioko anasema wakati ule alisikia vigelegele kwa mbali, kama mtu aliye chini ya maji. Nywele zilikuwa zikiteremka juu ya leso, na kila shungi aliliona ni upana wa uzi unaopungua. Kinyozi alipomaliza, kilichobaki juu ya shingo ya Abdulhalim kilikuwa kichwa kidogo, kizuri, cha mviringo, kinachong'aa, ambacho Kioko hakuwahi kukutana nacho.

Mama akalipokea boksi. Akaifunua kofia, na watu wakavuta pumzi, kwa maana kazi yenyewe ilikuwa safi: maua yalizunguka bila kuonyesha yalipoanzia wala yalipoishia. Akambandika mwanawe kichwani.

Kofia ikateremka. Ikapita paji la uso, ikapita nyusi, ikatua kwenye pua, masikio yakiwa ndiyo pekee yaliyoizuia isifike kifuani.

Ua lote likainama kuchungulia. Kisha shangazi mmoja akauliza, "Na bwana harusi je, amekwenda wapi?"

Walicheka mpaka kinyozi akaweka wembe chini kwa usalama wa wote. Abdulhalim mwenyewe alicheka humohumo ndani ya kofia. Ami yake hakucheka. "Nendeni Marikiti mkanunue ya mashine," akasema. "Hii ni aibu."

Kioko alizitazama nywele juu ya leso. Jasho lilimtoka kama siku za magunia.

"Ulipima nini, mwanangu?" mama aliuliza, bila hasira.

"Nilipima kichwa, Mama. Pamoja na nywele. Sikujua atanyolewa."

"Hukujua bwana harusi hunyolewa?"

"Kwetu huchana."

Kicheko kikarudi, kikubwa kuliko cha kwanza. Bi Mwanaesha alijitokeza katikati ya ua, mkono kiunoni. "Chekeni mumalize," akasema. "Kosa ni langu. Huyu ni mtu wa bara, na mimi sikumwambia. Ningemwambiaje? Kwani hapa kuna mtu aliyewahi kuambiwa? Sote tumezaliwa tukiwaona wakinyolewa." Akaichukua kofia. Akamgeukia mama. "Nipe hadi Ijumaa adhuhuri."

Ami alifungua kinywa. Mama akamtazama. Ami akakifunga.

*

Kuipunguza kofia ya viua kwa mkasi hakuwezekani. Maua yamezunguka kichwa kizima, na ukikata upana wa kidole umekata ua katikati. Msikitini hukaa wazee ambao hawana kazi nyingine baada ya sala ila kutazama kofia za wenzao.

Walirudi barazani, Kioko akaketi kichwa mikononi. Bi Mwanaesha alikisugua kitambaa kwa kidole gumba. Akakisugua tena. Kisha akakigusisha kwenye ncha ya ulimi.

"Kioko."

"Naam, Bi."

"Bafta hii uliiroweka?"

Kila bafta mpya hurowekwa usiku kucha kabla ya kuchorwa, ili ijikunje na kupungua mapema, na kuutoa wanga wa kiwandani. Ni somo la kwanza kabisa. Kioko alikumbuka siku ile, furaha ya kupewa kazi peke yake, penseli mkononi, na ndoo ikiwa tupu pembeni.

"Nilisahau," akasema kwa sauti ya mtu anayeongeza kesi juu ya kesi.

Bi Mwanaesha alimtukana. Alimtukana kwa utaratibu, akianzia mikono akamalizia ukoo. Kofia isiyorowekwa, alieleza katikati ya matusi, ingelifuliwa mara moja tu ikamkaba mwenyewe kama pete ya mtoto. Halafu ghafla akaitazama kofia, akaanza kucheka peke yake mpaka miwani ikamponyoka.

"Umeikata kubwa," akasema. "Na kitambaa chako bado hakijajikunja. Ewe Mkamba, makosa yako yametafutana yakapatana!"

Ndiyo sababu Alhamisi hii, saa tatu, kuna kofia ndani ya sufuria.

*

Wanaitoa kwa mwiko na kuilaza juu ya sinia. Haionekani kama kofia. Inaonekana kama tambara la kufutia meza lililofanya kazi ngumu. Imejikunja, maua yamebanana, na zaidi ya nusu ya matundu yamefumba. Kioko anaitazama bila kupumua.

"Imekufa," anasema.

"Imelala. Iamshe."

Wamelifunga kopo la maziwa ya unga kwa vitambaa mpaka likatoshana na kichwa cha Abdulhalim, kipimo kipya kilichochukuliwa jana juu ya ngozi tupu. Kioko anaivisha kofia juu ya kopo. Anaivuta kidogo huku, anailaza kidogo kule. Kisha anachukua sindano na kuanza kufungua matundu yaliyofumba, moja moja, kabla kitambaa hakijakauka. Uzi uliojikunja anaulegeza. Jani lililopinda analinyoosha kwa ukucha.

Saa zinapita. Anahamia barazani kufuata mwanga. Chengo anapita na birika, anafungua mdomo kwa mazoea, anamwona, anaufunga. Anamwachia kikombe cha kahawa juu ya jiwe na kwenda zake bila kudai chochote, jambo ambalo mtaa utalijadili kwa siku kadhaa.

Adhuhuri Zilpah anafika na viazi ndani ya gazeti. Amekuja, anasema baadaye, ili kumwandaa mumewe kwa habari za Jumatatu. Anamkuta ameinama juu ya kopo, mdomo umechongoka, anapiga mbinja wimbo wa kwao. Mwanamume huyu, akiinama kufunga kamba za viatu, huugulia mpaka jirani wa pili akauliza kuna nini.

"Baba Wendy, umekaa hivyo tangu saa ngapi?"

"Mm."

"Na mgongo?"

"Mgongo gani?"

Zilpah anaweka viazi chini. Anaketi kando yake, anamtazama mikono. Alikuwa hajawahi kuja kumwona akifanya kazi. Kioko anamaliza tundu, anahamia la pili, na uso wake, anasema Zilpah, ulikuwa uso wa yule kijana aliyemchumbia, kabla ya magunia.

Hasemi chochote kuhusu Jumatatu. Anakula kiazi kimoja, anaondoka.

*

Ijumaa kofia inatiwa wanga na kupigwa pasi ya makaa. Inapelekwa adhuhuri ndani ya boksi lilelile, na Bi Mwanaesha ndiye anayeipeleka. Kioko hana ujasiri wa kulivuka lile ua tena.

Saa kumi na nusu anakaa kwenye baraza linalotazamana na msikiti wa mtaa, shati la kanisani, magoti pamoja. Watu wameingia kwa mlango wa upande wa pili. Hakuona nani kavaa nini. Anasikia sauti zikiitikia ndani. Anaangalia viatu mlangoni.

Wanatoka kwa wingi. Kanzu nyeupe, kofia nyingi, na katikati Abdulhalim.

Kofia imekaa. Imekaa sawa, upana wa vidole viwili juu ya nyusi, imesimama bila kuinama mbele wala nyuma. Mzee mmoja anamsimamisha bwana harusi, anainyooshea mkono, anaizungushia kidole taratibu kufuata maua, akitafuta yalipoungana. Hapaoni. Anaguna na kumwachilia. Ami yuko kando yake. Hasemi neno, na kwa wanaomfahamu hiyo ni hotuba nzima.

Abdulhalim anavuka njia kumjia Kioko, anamshika mkono.

"Fundi, yabana kidogo."

"Nayo ndoa yabana," Bi Mwanaesha anamjibu akitokea nyuma. "Utazoea."

Kioko anacheka. Kisha anajifuta macho kwa kiwiko na kusingizia vumbi, ingawa kichochoro kizima kilikuwa kimemwagiwa maji kwa ajili ya harusi.

*

Jumapili, baada ya ibada, Bonface alifika Buxton kuchukua jibu. Aliukuta msumari mtupu ukutani.

"Koti langu liko wapi?"

"Limekaliwa," Zilpah alimjibu.

Alikuwa amelikata. Alilikata Ijumaa asubuhi, kabla habari yoyote haijafika kutoka msikitini, akalijaza sponji na kulishona likawa mto wa kukalia, wenye vifungo vya shaba pembeni. Mishono yake ni mirefu na imepinda kama njia ya ng'ombe. Kioko alipouona aliugeuza mikononi kwa muda mrefu, akitafuta neno.

"Ungeinuliwa juani," alisema mwishowe, "ungerudishiwa."

"Kaa nao hivyohivyo," alisema mkewe.

Bonface alisikitikia koti kwa dakika chache, kisha akakubali chapati.

Mto huo sasa uko juu ya baraza la Bi Mwanaesha, na juu yake yuko Kioko. Mama wa Abdulhalim amewatuma wateja wengine wawili. Kabla ya kupima, siku hizi, fundi huuliza swali moja kwa uso wa hakimu: "Utanyoa lini?"

Lakini moyo wake uko kwingine. Kando ya mto kuna kiondo cha katani alichosukiwa na mama yake kule Mwala, chenye mistari inayopanda na kushuka kama vilima. Anataka kuitia mistari hiyo ndani ya kofia, mahali pa maua. Hajui kama itanunuliwa.

"Mama alikuwa akisuka akiimba," anasema. "Nilidhani anaimba ili kazi iishe upesi. Sasa najua hakutaka iishe."

Bi Mwanaesha anapinga kwa nguvu zote. "Kofia ya kikapu! Watu watatia viazi ndani!" Alisema hivyo Jumatatu, akarudia Jumanne. Jumatano alikiomba kiondo akakitazame ndani, kwenye mwanga wa dirisha, akakaa nacho mpaka laasiri. Alipokirudisha alikuwa na penseli sikioni.

"Mstari huu waanzia wapi?" aliuliza.

"Hauanzi, Bi. Unazunguka tu."

Bi Mwanaesha alisonya, akaketi, akaivuta ndoo karibu na miguu yake. Ndani ya ndoo, tangu jana yake, kipande kipya cha bafta kilikuwa kimelala majini. Kioko ndiye aliyekiroweka.

"Haya," akasema. "Kikamue."